JamiiForums katika mwaka 2018: tathmini ya mtumiaji

Anayetaka kuipima JamiiForums, jukwaa la mijadala la mtandaoni la Tanzania, kama huduma asiipime kwa miaka yake ya raha, bali autazame mwaka 2018, ambapo mtandao huu ulioanzishwa 2006 ulitoweka hewani kwa takribani wiki tatu na watumiaji wake wakapata nafasi ya kujua ni kitu gani hasa walichokuwa wakikitegemea.

Chanzo kinajulikana. Mwezi Machi zilitangazwa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, ambazo ziliwataka wenye blogu, majukwaa ya mijadala na televisheni za mtandaoni wajisajili TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, kwa ada ya maombi ya Sh100,000, ada ya leseni ya Sh1,000,000 na nyingine kama hiyo kila mwaka. Aliyekiuka alikabiliwa na faini isiyopungua Sh5,000,000, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Juni 11 JamiiForums ikafungwa, ikarejea mapema Julai.

Wengi walidhani pengo kubwa lingekuwa kwenye Jukwaa la Siasa, sehemu ya mtandao huo inayojadili siasa. Kwa maoni yangu haikuwa hivyo, kwa sababu siasa ilihamia Twitter na kwenye makundi ya WhatsApp siku ileile, tena bila kupoa. Kisichokuwa na mbadala ni nyuzi za zamani, yaani mada zenye michango yake yote, zile zinazoendelea kuchangiwa miaka na miaka. Chukua uzi wa kawaida wa ufugaji: mmoja anauliza kwa nini vifaranga wake wanakufa ilhali amewachanja, mwingine anamwandikia ratiba ya chanjo: kideri siku ya saba, gumboro siku ya 14 na kideri tena siku ya 21, kisha anatokea wa tatu kumuuliza kama chanjo aliichanganya na maji ya bomba, maana klorini huiua chanjo kabla kifaranga hajainywa. Maarifa ya namna hiyo hupotea haraka sana kwenye kundi la WhatsApp, lakini hapa mfugaji wa Njombe huyakuta yakiwa yamekaa palepale na marekebisho yake yote.

Jambo la pili ni jina la bandia, na hapa ndipo mwaka 2018 ulipoitetea huduma hii kuliko tangazo lolote. Mwaka huo mifuko ya pensheni iliunganishwa, PSSSF, mfuko mpya wa watumishi wa umma, ikaanza Agosti, na kikokotoo kipya, yaani kanuni ya kupiga hesabu ya mafao, kikampa mstaafu asilimia 25 ya mafao yake kwa mkupuo, wakati waliokuwa kwenye mifuko ya zamani ya PSPF na LAPF walizoea asilimia 50. Mwalimu au muuguzi aliye kazini hawezi kuipinga hesabu hiyo hadharani kwa jina lake kamili na cheki namba yake, ile ya utumishi; kwa jina la bandia anaweza kuweka mshahara wake mezani, akapiga hesabu mstari kwa mstari na kuuliza kiasi kilichobaki atakipokea kwa miaka mingapi. Desemba 28 Rais Magufuli alikisitisha kikokotoo hicho. Sidai kwamba mtandao ndio uliomshawishi. Nasema tu kwamba mjadala wa aina hiyo unahitaji mahali ambapo mchangiaji hatafutwi kesho yake. Mwanzilishi mwenza wa mtandao, Maxence Melo, alikamatwa Desemba 2016 kwa kukataa kutoa taarifa za watumiaji, na mwaka 2018 ulipokwisha alikuwa bado na kesi katika Mahakama ya Kisutu.

Kasoro zipo, na si ndogo. Vichwa vya nyuzi mara nyingi huahidi makubwa kuliko kilichomo ndani, habari moja hufunguliwa nyuzi tatu, na Jukwaa la Siasa, ambako kila mtu ni "mkuu" hata anapotukanwa, limejaa wapiga debe wa vyama ambao unajua watasema nini kabla hawajaandika. Linalonitia wasiwasi zaidi ni JF Doctor, jukwaa lake la afya. Jina la bandia linalomlinda mtumishi anayelalamikia pensheni ndilo hilohilo linalomwezesha muuza dawa za mitishamba kujiita daktari, na msomaji hana namna ya kuwatofautisha. Ukitaka bei ya pumba au uzoefu wa kulima vitunguu, ingia bila shaka. Ukiwa na uvimbe, soma ukipenda, lakini dozi kaichukue hospitali.