Scribus kwa jarida la wapenzi wa kompyuta: kuanzia faili hadi stepla

Kikundi kinachotoa jarida kwa kujitolea hakina mshahara wa kumzuilia mtu. Mpanga kurasa wa toleo hili akipata kazi Dar es Salaam au akirudi kwao Wete, toleo lijalo litapangwa na mwengine kwenye kompyuta nyengine. Kwa hivyo swali la kwanza la kuiuliza programu ya kupanga kurasa ni hili: kesho faili litafunguka kwa nani? Hapo ndipo Scribus inapozishinda programu za kulipia. Ni ya bure, chanzo chake ki wazi, hufanya kazi kwenye Linux, Windows na Mac, na faili lake la .sla ni maandishi ya XML, yaani maandishi ya kawaida yenye lebo. Hakuna leseni ya kuisha katikati ya kazi, wala haja ya nakala ya wizi inayokuja na virusi vyake.

Tathmini hii ni ya 1.6, iliyotoka mwaka 2024, kwa kazi moja mahsusi: jarida la A5 la kurasa 20, jeusi na jeupe, linalochapwa kwenye printa ya leza ya steshenari, iwe Darajani au Chake Chake. Kikundi kizima kitumie toleo moja la programu, kwani faili lililohifadhiwa kwenye 1.6 halifunguki kwenye 1.4. Kwenye Windows tieni na Ghostscript, programu saidizi, maana bila yake michoro ya EPS (aina ya faili la mchoro) haiingii.

Aliyezoea Word atahangaika wiki ya mwanzo. Scribus si mahali pa kuandikia. Kila kitu hukaa ndani ya fremu, yaani kisanduku unachokichora ukurasani, na maandishi yakizidi fremu hayasukumi ukurasa mpya. Hujificha, na kona ya chini hutokea kisanduku chenye X. Makala yahaririwe yamalizike kwenye LibreOffice Writer, ndipo yaingizwe yakiwa maandishi matupu, na mitindo ipachikwe ndani ya Scribus. Mkiingiza hati za waandishi sita pamoja na mitindo yao, mtapata jarida lenye sura sita.

Kwa jarida la kompyuta za nyumbani za zamani, kama ZX Spectrum na Commodore 64, utamu wenyewe uko kwenye listi za BASIC, yaani programu zilizochapwa kwa lugha ya BASIC, zile ambazo msomaji huzinakili mstari kwa mstari. Fremu ya Scribus inakubali vipimo kamili, na hilo linaleta tofauti kubwa. Ukurasa wa A5 una upana wa milimita 148. Ukiacha pambizo ya 15 ndani na 12 nje, unabaki na 121. Gawa safu mbili zenye mwanya wa 5, kila safu ina milimita 58. Herufi ya DejaVu Sans Mono ya pointi 8 huchukua milimita 1.7, kwa hivyo mstari wa herufi 32 wa ZX Spectrum unahitaji 54.4 na unaenea bila ya kukatika. Mstari wa Commodore 64 una herufi 40, unataka 68, hauenei. Shusha hadi pointi 6.5 au utumie upana wa ukurasa mzima. Bora la pili, kwa sababu fotokopi ya pointi 6.5 ikififia, nukta mbili na nukta mkato hazitofautiki. Fonti hiyo ina alama ndani ya sufuri, basi hakuna wa kuichanganya na herufi O.

Lakini listi isipite Writer hata mara moja. Writer hugeuza alama za kunukuu zilizosimama kuwa za kupinda, na kibodi ya Spectrum haina alama hiyo. Nakili kutoka faili tupu la maandishi moja kwa moja hadi kwenye fremu.

Picha za skrini nazo zina kanuni yake. Skrini ya Spectrum ni pikseli 256 kwa 192. Ukiichapa kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi) bila ya kuikuza inatoka na upana wa milimita 21.7, kama stempu ya barua. Ikuze kwanza kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, mara 4 kamili, ukiwa umezima ulainishaji, upate pikseli 1024, yaani milimita 86.7. Ukikuza mara 3.5 pikseli nyengine zitakuwa nene, nyengine nyembamba. Hifadhi kwa PNG. JPEG huacha madoa pembeni mwa kila herufi. Igeuze kuwa ya kijivu uitazame kabla ya kuitia, kwani maandishi ya njano juu ya nyeupe hupotea kabisa.

Kasoro za Scribus zipo, na moja ni nzito: haina njia yake ya kupanga kurasa kwa ajili ya kukunja. Kwenye A4, ukurasa wa 20 hukaa na wa 1, nyuma yao wa 2 na wa 19, na kila jozi hutoa jumla ya 21. Usizipange kwa mkono. Toa PDF ya kijivu yenye kurasa 1 hadi 20 kwa mfuatano, kisha uchape kwa chaguo la kijitabu la Adobe Reader, karatasi ikigeuzwa kwa upande mfupi. Ikigeuzwa kwa upande mrefu, nyuma yote itatoka kichwa chini.

Ya pili, kwa kawaida picha haziingii ndani ya .sla, faili hukumbuka tu zilipo. Ukimpelekea mwenzio Pemba faili peke yake kwa flashi, atafungua fremu tupu. Tumia amri ya kukusanya kila kitu, na uweke tiki kwenye fonti, la sivyo zitabadilishwa na kurasa zote zitahama. Ya tatu, zima ukataji wa maneno unaofuata kanuni za Kiingereza. Nyumba hukatwa nyu-mba, haikatwi nyum-ba. Na kwa ajili ya umeme, weka faili lijihifadhi kila dakika 5.

Nakala 100 za kurasa 20 ni karatasi 500, rimu moja kamili, bila hata moja ya kuharibika. Nunua mbili. Wakati wa masika usifungue rimu mpaka printa iwe tayari: gramu 80 hunywa unyevu haraka, hujikunja na kukwama. Printa nyingi huacha ukingo usiochapwa wa milimita 5 hivi, kwa hivyo msibuni jalada lenye rangi hadi pembeni. Stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo wa A4. Itafutwe ya mkono mrefu, na zipigwe pini mbili kutokea nje kuingia ndani. Kurasa 20 hazihitaji kupunguzwa ukingo. Zikifika 40, karatasi za katikati huchomoza kiasi cha milimita moja, na hapo jarida lipitishwe kwenye mashine ya kukatia.

Kwa kipeperushi cha kurasa nne, Writer inatosha. Kuanzia kurasa 12 zenye listi na picha, hakuna cha bure chenye chanzo wazi kinachoikaribia Scribus.