Tahadhari: mchapaji wa fulana na mikoba yenye nembo anayeonyesha sampuli ya kazi ya mtu mwengine

Assalaam alaykum ndugu zangu wafanyabiashara wa Unguja na Pemba.

Naandika kuwatahadharisha kuhusu mtu anayejitangaza mitandaoni kuwa anachapisha fulana, kofia na mikoba yenye nembo za biashara, na ambaye huwaandama zaidi wafanyabiashara wadogo wa Pemba, kwa sababu anajua kuwa kuvuka hadi Unguja kwenda kukagua kazi kunatugharimu nauli na siku nzima. Jina lake silitaji, kwa kuwa malalamiko yangu nimeshayafikisha Tume ya Ushindani Halali wa Biashara na nataka yasikilizwe bila ya kuvurugwa. Njia anayoitumia, hata hivyo, nitaieleza yote.

Mimi na wenzangu wanne tunatengeneza sabuni za mwani hapa Chake Chake. Tulitaka kujitangaza katika maonesho ya biashara ya Januari, yale yanayofanyika wakati wa shamrashamra za Mapinduzi, tukaona vipeperushi hutupwa njiani, bora tutoe kitu ambacho mteja atakaa nacho. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar tangu mwaka 2006, kwa hivyo mtu akipewa mkoba mzuri wa kitambaa huenda nao sokoni mwaka mzima, na jina la biashara likaenda naye. Sisi tuliolelewa na khanga tunajua vyema kuwa nguo yenye maneno humsemea aliyeitoa. Basi tuliagiza fulana 120 kwa shilingi 9,000 kila moja, mikoba 200 kwa shilingi 2,500 na kofia 60 kwa shilingi 6,000, jumla shilingi 1,940,000.

Kabla ya malipo alituletea sampuli kwa boti ya Mkoani: fulana moja nzito ya pamba, nembo yetu imekaa barabara, na buluu yake ni ileile tuliyoitaka. Sampuli hiyo ndiyo iliyotumaliza. Tulimtumia asilimia 70 ya fedha, yaani shilingi 1,358,000, kwenye namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwengine kabisa, naye akatwambia kuwa huyo ni mhasibu wake.

Tulipatana wiki tatu. Mzigo ulifika baada ya wiki saba, siku mbili kabla ya maonesho, wakati ambao hata ungetaka kuurudisha huna la kufanya. Naamini kuchelewa huko kulikuwa sehemu ya mpango, kwani wafanyabiashara wawili wengine wa Wete wamenieleza kuwa na wao waliletewa mizigo yao ukingoni mwa shughuli zao.

Kofia hazikuwamo. Fulana tulizishika mkononi tukaona si zile. Tulikata kipande cha sentimita 10 kwa 10 kutoka kwenye sampuli na kingine kutoka kwenye fulana za mzigo, tukavipima kwenye mizani yetu ya sabuni: cha sampuli gramu 1.8, cha mzigo gramu 1.3. Ukizidisha kwa mia unapata uzito wa kitambaa kwa mita ya mraba, yaani gramu 180 dhidi ya gramu 130. Tukachoma nyuzi pia. Uzi wa sampuli uliungua kama karatasi ukaacha jivu laini, na ule wa mzigo uliyeyuka ukafanya kidonge kigumu, dalili kuwa ni poliesta.

Uchapaji nao ni habari nyengine. Sampuli ilichapishwa kwa skrini, yaani wino hupitishwa kwenye wavu uliowambwa katika fremu, kazi ambayo kila rangi hutengenezewa fremu yake, na ndiyo maana fulana moja hugharimu sana na nyingi huwa nafuu. Fulana za mzigo zilibandikwa nembo ya karatasi ya moto, ile inayochapishwa kwenye karatasi kisha ikagandishwa kwenye nguo kwa joto, na joto halikushika sawasawa, kwa hivyo zilipofuliwa mara ya pili pembe zilianza kubanduka. Mchapaji mmoja wa Unguja, mtu mwaminifu, aliitambua sampuli yetu mara moja: aliichapisha yeye, na mteja wake alimlipa bei ya fulana kumi kwa fulana ile moja.

Lililoniuma zaidi ni mikoba. Nembo ilichukuliwa kwenye picha ya WhatsApp ikakuzwa mpaka kingo zikachakaa, ilhali tulimtumia faili kamili, na namba yetu ya simu ilikosewa tarakimu moja katika mikoba yote 200. Tulikuwa tumeshagawa 140 mteja mmoja alipotueleza kuwa kila akipiga anapokea mama mmoja wa Unguja ambaye hajui habari ya sabuni. Anayeuona mkoba ule hamjui aliyeuchapisha. Anatujua sisi, na anatuona wazembe.

Kwa hivyo akikufuateni mtu kwa sampuli nzuri, takeni fulana ya kwanza kutoka katika mzigo wenyewe, na kama mna jamaa Unguja, aende akaione kazi ikichapishwa kabla hamjamaliza malipo. Andikeni katika makubaliano aina ya kitambaa, uzito wake, njia ya uchapaji, ukubwa wa nembo kwa sentimita, tarehe, na namba ya simu ambayo mtaihakiki wenyewe tarakimu kwa tarakimu. Fedha itumwe kwa jina la biashara tu, na jina hilo muliulizie kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali. Mzigo ukifika, vuteni kitambaa pale penye nembo: rangi ikipasuka hapohapo, msipokee.

Yule mama wa Unguja nimempigia na kumtaka radhi. Aliye na mkoba wetu wenye namba iliyokosewa aulete dukani kwetu Chake Chake, tutampa mwengine tulioushona wenyewe, pamoja na sabuni moja.