Picha za usiku: galari sikuziona, studio ndo nikaziona

Nimeenda mara mbili kuangalia kazi za huyu dada anayepiga picha usiku. Mara ya kwanza kwenye galari, mara ya pili siku za studio wazi, zile wikendi ambazo wasanii wanafungua milango mtu yeyote aingie aone wanapofanyia kazi, na naandika hii manake nisingerudi ile mara ya pili ningekuwa mpaka leo nawaambia watu kwamba picha zake ni nyeusi tu hazina kitu. Na ningekuwa nimemkosea sana.

Nianze na galari. Ukuta mweupe, taa kali za dari zimeelekezwa kwenye kila picha, fremu nzuri nyeusi, kioo mbele. Picha kama 20 hivi. Sasa we simama mbele ya picha ya usiku yenye kioo halafu taa iko nyuma ya bega lako, unaona nini? Unajiona mwenyewe. Mi siku hiyo nilivaa shati jeupe, basi kila picha niliyosogelea nilikuta shati langu limekaa katikati, na nyuma ya shati mlango wa kuingilia, na watu wanapita na glasi mkononi. Kuna picha moja ya kituo cha basi nilisimama nayo dakika nzima nikaona benchi na mstari mwekundu wa taa za gari, basi, nikaenda zangu. Nilimwambia aliyekuwa zamu pale kwamba vioo vinaua picha, akasema wanatundika hivyo hivyo maonyesho yote. Hapo ndo tatizo lenyewe. Picha ya ufukweni mchana inavumilia kioo cha kawaida, picha ya usiku haivumilii.

Baadae nikaelewa kwa nini, na ni hesabu rahisi tu. Kioo cha kawaida kinarudisha karibu asilimia 8 ya mwanga unaokipiga, kama 4 upande wa mbele na 4 upande wa nyuma. Wino mweusi kwenye karatasi nzuri wenyewe unarudisha chini ya asilimia 2. Kwa hiyo pale kwenye giza la picha, pale ambapo huyu dada kaweka kazi yake yote, kioo kinakurudishia mwanga mwingi kuliko picha yenyewe. Macho hayana ujanja hapo, yatafuata kioo.

Studio sasa. Jamani. Ni chumba kimoja kirefu, dirisha kalifunika na kitambaa kizito, meza mbili, taa moja ya pembeni iliyogeuzwa ukutani, picha zimelazwa mezani au zimebanwa ukutani na vibanio, hakuna kioo hata kimoja. Nimeingia natoka kwenye jua la saa nane mchana nikaenda moja kwa moja kwenye meza, akanizuia kwa upole, "Kaa kwanza mdogo wangu, macho yako bado yana jua." Kuna benchi pale mlangoni, kila anayeingia anakalishwa dakika tano hivi. Wengine walinung'unika kidogo kwa sababu foleni ilikuwa inakua huko nje, ila ana haki, jicho la mtu likitoka kwenye mwanga mkali linahitaji kama nusu saa kulizoea giza kabisa, hizo dakika tano ni za kuanzia tu, na zilitosha.

Nikaikuta ile ile ya kituo cha basi. Pale kwenye benchi kuna mtu! Mlinzi, kakaa pembeni kabisa mahali taa haifiki, kavaa koti kubwa, tochi iko kwenye paja. Galari sikumwona kabisa. Ukisogea karibu unaona vifungo vya koti, unaona kamba ya kiatu iliyofunguka, kila kitu kimetulia kama jiwe, halafu kichwa hakipo sawa, kimekuwa kama moshi. Nikamuuliza kichwa kimefanyaje. Akasema shata, ule mlango wa kamera unaoingiza mwanga, ilikuwa wazi dakika nne, na ndani ya hizo dakika nne yule baba alikuwa anasinzia, kichwa kinashuka, anashtuka, kinapanda, kinashuka tena. Mwili haukutikisika. Yaani usingizi wa mtu umeandikwa pale kwenye karatasi. Na ile mistari myekundu niliyoiona galari ni basi la mwisho lililopita mbele yake bila yeye kujua, lenyewe halionekani, taa zake tu. Huyu dada alimwomba mlinzi ruhusa kabla na baada, na akampelekea nakala, hilo nililipenda sana kwa sababu kupiga picha watu gizani bila wao kujua mi naona si sawa.

Kitu kingine ambacho galari haiwezi kukupa ni ule ukuta wa majaribio. Picha moja imechapwa mara sita, zimepangwa mstari, chini ya kila moja kaandika namba kwa penseli. Ya kwanza ni vile vile ilivyokuwa kwenye kompyuta na imetoka nyeusi tii. Alieleza vizuri mpaka nikaona aibu kwa picha zote nilizowahi kuchapisha za kwenye simu: skrini inatoa mwanga wake yenyewe, karatasi haina mwanga, inategemea wa chumbani, kwa hiyo picha ya usiku inayong'aa vizuri kwenye skrini ukiichapa inazama. Inabidi uiinue mwanga kidogo kidogo, vivuli tu, siyo picha nzima, manake ukiinua yote usiku unageuka jioni. Kati ya namba 4 na namba 5 mi sikuona tofauti, akanionyesha kidole, ukingo wa paa dhidi ya anga, kwenye 4 umezama na kwenye 5 upo. Basi. Ukingo wa paa tu, na kwa ajili yake kachapa mara sita.

Kuna moja ya shamba chini ya mwezi mpevu, mtoto mmoja aliyekuja na mama yake akasema hii ni mchana, mama akamwambia angalia juu, kuna nyota. Na mtoto alikuwa sahihi kiasi chake, mwanga wa mwezi ni wa jua tu umegonga mwezi ukarudi, umepungua kama mara 400,000. Sisi gizani rangi tunazipoteza, kamera ikiachwa wazi inakusanya pole pole mpaka kijani kinakuwa kijani na anga linakuwa la bluu. Nilikaa nayo muda mrefu. Inakupa hisia ya kuona kitu ambacho kila siku kipo na jicho lako limenyimwa.

Nilimuuliza anahesabuje muda, akanisimulia habari ya Brassaï, yule aliyepiga picha Paris usiku miaka ya 1930, kwamba alikuwa anapima kwa sigara, aina moja kwa mwanga fulani na aina nyingine inayoungua muda mrefu kama kuna giza zaidi. Yeye mwenyewe anatumia saa ya kawaida, na anasema kazi kubwa siyo kuhesabu, ni kukausha lenzi, umande unaitanda bila wewe kujua unakuja kugundua saa kumi alfajiri kwamba picha za usiku mzima ni ukungu.

Ambazo hazikunigusa ni zile za nyota zilizochora duara. Ziko nne na ni kama moja. Najua ni kazi, dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa kwa hiyo ukitaka mistari mirefu unasimama nje masaa, ila ukishaiona moja umeiona, na mbele ya duara kaweka mti mkavu zote nne. Angebakisha moja akaongeza za barabarani, huko ndo ana jicho ambalo wengine hawana. Kuna ile ya barabara ambayo nusu taa bado ni zile za zamani za rangi ya chungwa na nusu zimebadilishwa LED nyeupe, watu wanavuka kutoka rangi moja kwenda nyingine na nguo zao zinabadilika njiani. Hiyo ingestahili ukuta wake peke yake.

Na zile postikadi mlangoni msinunue. Ni ndogo mno na zimechapwa mahali pengine, vivuli vyote vimezama, mlinzi hayupo kabisa. Nilimwambia, akakubali kwamba hata yeye hazipendi, ila watu wanataka kitu cha kubeba. Bora aache.

Mi nilinunua ya mlinzi. Anatoa nakala 15 tu kwa kila picha, yangu ni 4/15, saini kwa penseli pembeni chini, nimepewa bila fremu, kati ya kadibodi mbili na karatasi laini juu yake. Fundi wa fremu akataka kuniwekea kioo cha kawaida, nikakataa, nikangoja wiki mbili apate kile kisichorudisha mwanga, ambacho kinarudisha chini ya asilimia 1. Ni ghali zaidi, ndiyo, lakini bila hicho ningekuwa nimenunua kioo cha kujitazamia. Na msiitundike ikitazamana na dirisha. Mi nimeiweka kwenye korido, taa inatoka chumba cha pili.

Juzi shemeji yangu kaja, kapita mbele yake mara mbili akienda kunawa mikono hakusema kitu. Usiku tumezima taa ya sebuleni tunaagana, akasimama pale koridoni, akainama, nikamsikia anauliza kwa sauti ya chini kabisa kama anaogopa kumwamsha, "Shem, huyu kalala?"