TAHADHARI: Wanaouza "seti kamili" ya kugeuza mashine za gemu za zamani

Wakuu, kuna matapeli wanaowalenga watu wenye mashine za gemu za zamani, yale makabati ya mbao ya kutumbukiza sarafu. Tangazo lao ni lile lile: "Seti kamili, gemu 10,000, chomeka ucheze, tunakuja kufunga na bodi ya zamani tunakuondolea bure." Picha zinavutia, bei inaonekana ya huruma, na hela wanaitaka yote kabla. Msitume chochote kwanza. Hasara haiishii kwenye bei ya seti: kioo kinaweza kuungua, na ufungaji mbovu unaweza kuua mtu.

Nianze na hilo la "bure", kwa sababu ndipo wengi wanapopigwa bila hata kujua. Bodi ya asili, yaani sakiti yenye gemu ndani yake, ndiyo mali. Mashine nyingi za baada ya 1985 zinafuata mpangilio wa JAMMA: kiunganishi kimoja cha pini 56, yaani 28 kila upande, kinachopitisha umeme, picha, sauti na batani. Bodi ikichomolewa kwako inaingia kwenye mashine ya mtu mwingine yenye mpangilio huo bila kubadilisha nyaya, na wakusanyaji wanazitafuta sana. Tapeli anaijua thamani yake, wewe anakuambia ni takataka. Ukisita atasema "imekufa hii". Chukua bodi za CPS-2 za kampuni ya gemu ya Capcom, zilizoanza kutoka 1993. Zina betri inayohifadhi funguo za kufungulia programu. Betri ikiisha, gemu haiwaki na skrini inabaki rangi tupu, ila chipu zenyewe mara nyingi ni nzima, na leo funguo hizo zinaweza kuandikwa upya. Bodi ya hivyo hagawiwi mtu bure.

Kioo nacho wanakifanyia vivyo hivyo. Picha ikiwa imejikunja pembeni au imesinyaa, wanasema kioo kimekwisha, wanakuuzia LCD na kuondoka na kioo chako cha chogo. Tatizo la namna hiyo mara nyingi ni kapasita zilizokauka kwenye chasisi ya kioo, kazi ya fundi mzuri wa TV. Narudia, fundi. Kofia ya waya mnene iliyobandikwa nyuma ya kioo inabeba volti 20,000 na zaidi, na chaji inabaki hata baada ya kuchomoa plagi.

Sasa hiyo seti yenyewe. Ndani ya boksi utakuta Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja, kwa kifupi Pi) au kompyuta kuukuu, adapta ya kutoka HDMI kwenda VGA (mfumo wa picha wa kompyuta za zamani), na nyaya za kuunganisha moja kwa moja kwenye kioo cha zamani. Hapa ndipo vioo vinapoungulia. Kioo cha kawaida cha mashine hizi kinapokea picha kwa mzunguko (kasi ya kuchora mistari ya mlalo) wa takriban kHz 15.7. VGA inaanzia kHz 31, na kompyuta ikiwaka tu, kabla emuleta (programu inayoiga mashine za zamani) haijafunguka, inatoa hizo 31. Ukibahatika utaona picha imegawanyika na mistari inakimbia. Usipobahatika, transista inayoendesha mistari ya mlalo inaungua. Halafu kuna nguvu ya rangi: VGA inatoa volti 0.7 tu, wakati bodi za JAMMA hutoa nguvu kubwa kuliko hiyo, kwa hiyo hata mzunguko ukiwa sahihi picha inakuwa ya giza. Ndiyo maana kuna vifaa kama J-PAC ya Ultimarc. Inachomekwa kwenye kiunganishi cha JAMMA, inakuza nguvu ya rangi, na inazuia mzunguko usiofaa usifike kwenye kioo. Na bado kompyuta yenyewe lazima ipangwe itoe kHz 15. Muulize muuzaji swali moja tu: wakati inawaka, kifaa chako kinatoa kHz ngapi? Akijibu "ni HD kabisa", achana naye.

Umeme ndio unaonitia hofu zaidi. Mashine za Kijapani zinatumia volti 100, za Marekani 120. Tanzania ni 230, Kenya 240. Adapta ya kubadilisha umbo la plagi haishushi volti hata moja, inahitajika transfoma ya kushusha yenye wati za kutosha mashine nzima. Kuna transfoma nyingine ndani ya kabati, nzito, iliyofungwa chini kabisa, ambayo matapeli wanaing'oa wakidai "haihitajiki tena". Vioo kama K7000 ya Wells-Gardner na G07 ya Electrohome vinaihitaji, kwa sababu inatenganisha chasisi ya kioo na umeme wa ukutani. Ikiondolewa huku kioo kikibaki, chasisi yenyewe inaweza kuwa na umeme. Mlango wa sarafu na bati la batani lazima viwe na waya wa ethi. Watoto ndio wanaoshika hapo.

Kwenye kadi ya memori wizi ni wa wazi kabisa. Inaandikwa GB 128 lakini ndani ina 8 au 16, imechezewa ili idanganye kompyuta. Ujazo halisi ukipitwa, mafaili yanaharibika. Video ya muuzaji itaonyesha gemu nne tano zinazofunguka, wewe ukizipitia zote unakuta nyingi ni skrini nyeusi. Kipimo ni bure: H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux. Hamisha kilichomo, futa kadi iwe tupu, kisha iache programu iandike hadi ijae na isome tena. Kwa kasi ya MB 20 kwa sekunde, kuandika GB 128 kunachukua karibu saa mbili, na inafaa kusubiri.

Hizo "gemu 10,000" nazo omba orodha uipange kwa alfabeti. Utaona gemu moja imejirudia mara kadhaa: toleo la Japani, la Marekani, la Ulaya, na yaliyochezewa. Nyingine hazifunguki kabisa kwa sababu mafaili hayalingani na toleo la emuleta. Mfano, MAME ni emuleta maarufu ya gemu hizi, na toleo lake la MAME 2003 linataka mafaili ya toleo 0.78, ukilipa ya toleo jingine gemu nyingi zinagoma. Na yeyote anayekutoza "ada ya leseni ya MAME" anakuibia. MAME ni programu huria tangu 2016, inapakuliwa bure. RetroPie, mfumo wa emuleta wa kuweka kwenye Pi, nao ni bure, na watengenezaji wake hawaruhusu iuzwe ikiwa imepakiwa kwenye vifaa. Gemu zenyewe zina wenye hakimiliki, na muuzaji huyu si mmoja wao.

Boksi likiwa limefungwa kwa gundi, lifungue mbele yake. Pi 4 ina matundu mawili madogo ya HDMI na umeme wa USB-C. Ukikuta tundu moja kubwa la HDMI, hiyo ni ya zamani zaidi. Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3. Wao wanaweka chaja ya simu na waya mwembamba, volti zinashuka chini ya 4.63, alama ya radi inatokea kwenye skrini na kadi inaanza kuharibika. Kwenye dirisha la amri la Pi, andika vcgencmd get_throttled. Jibu zuri ni 0x0. Ukiona 0x50005, umeme hautoshi.

Batani: wachezaji wawili wa batani sita ni 12, ongeza 2 za kuanza na 2 za sarafu, jumla 16. Matundu ya kabati la Kimarekani ni milimita 28.6 na mbao yake ina unene wa karibu 19. Wanakutumia batani za milimita 30 za kubana, zilizokusudiwa bati jembamba. Haziingii bila kupanua tundu, na zikiingia hazishiki. Unahitaji za kukaza kwa nati. Akisema waya wa JAMMA pekee unatosha batani sita, hajui kazi: mpangilio rasmi unabeba tatu kwa kila mchezaji. Street Fighter II ya 1991 yenyewe ilihitaji waya wa ziada kwa batani za mateke.

Kabla ya malipo, mtake akupigie video hapo hapo, aandike jina lako kwenye karatasi aiweke kando ya bodi, awashe kutoka mwanzo, na afungue gemu utakazozitaja wewe kutoka kwenye orodha. Kama umeshatuma hela kwa simu, piga mtandao wako mara moja kuomba muamala usimamishwe, maana akishatoa pesa ni vigumu kurudishwa. Na kama seti imeshafika, usiiunganishe na kioo cha zamani. Ijaribu kwanza kwenye TV ya kawaida kwa HDMI.