Shairi: Kulisoma Kimya au Kulighani?

Vijana ninaowasaidia jioni hapa Majengo, Moshi, huniuliza kila muhula: shairi lisomwe kimya na kamusi mkononi, au lighaniwe, yaani lisomwe kwa sauti ya mahadhi?

Kughani hakugharimu hata senti. Kamusi nzuri ni ghali, ila hudumu miaka.

Kwenye maana, kimya kina nguvu. “Paa” ni mnyama, ni sehemu ya nyumba, tena ni kwenda juu. Ukighani kwa kasi unalipita tu.

Kwenye umbo, sauti inashinda, na hapa sina shaka. Tarbia, yaani shairi la mistari minne kila ubeti, ikiwa na mizani (silabi) 16 kila mstari hugawanyika 8 kwa 8, na sikio hunasa kasoro kabla ya jicho. Juzi binti mmoja alikuta “mekuja” akadhani ni kosa la chapa. Akaghani “nimekuja”, ulimi ukajikwaa. Tukahesabu kwa vidole: mizani 9. Kumbe ni inkisari, yaani neno limefupishwa ili mizani itimie! Alicheka kwa furaha.

Shairi huru halina mizani ya kukuongoza hivyo, kwa hiyo huko napendelea kalamu na utulivu.

Mwenye mtihani asome kimya, maana ukumbini haruhusiwi kughani. Anayetaka kutunga, aghani kila siku.