Uzoefu wangu: Banyuls, Bandol na Picpoul de Pinet kutoka kusini mwa Ufaransa

Kama pesa inatosha chupa moja tu kati ya hizi tatu za mvinyo, nunua Banyuls. Bandol nyekundu inamfaa zaidi mwenye subira, na Picpoul de Pinet inashuka vizuri siku ya jua kali, lakini ladha ya Banyuls huipati kwa urahisi kwingine. Zote tatu nimezionja zikiwa katika hali njema na zikiwa zimeharibika, na mara nyingi shamba halikuwa na kosa lolote. Kilichoharibu ni joto la chupa na muda iliokaa dukani.

Banyuls hutoka kona ya mwisho ya Ufaransa kabla ya mpaka wa Uhispania, kwenye miji minne midogo ya pwani: Banyuls-sur-Mer, Collioure, Port-Vendres na Cerbère. Mizabibu iko kwenye miteremko mikali ya mawe ya shisti, imezuiliwa na kuta za mawe, kwa hiyo zabibu huchumwa kwa mkono. Zabibu kuu ni Grenache nyeusi. Maji yake yakiwa bado yanachacha, mtengenezaji humimina pombe kali ya asilimia 96, kiasi cha asilimia 5 hadi 10 ya ujazo. Hamira hufa, na sukari ambayo haijaliwa hubaki. Ndiyo maana mvinyo huu ni mtamu bila kutiwa sukari, na kileo chake mara nyingi ni asilimia 16 au 17.

Wanunuzi wengi hukwama kwenye lebo. Ikiandikwa “Rimage”, mvinyo umetiwa chupani mapema bila kukutana na hewa: mweusi, una ladha ya matunda meusi na ukakasi. Ikiandikwa “Traditionnel” au “Hors d'âge”, umekaa miaka kwenye mapipa, au kwenye madumu makubwa ya kioo yanayoachwa nje juani, mpaka ukageuka kahawia. “Grand Cru” maana yake Grenache nyeusi isiyopungua asilimia 75 na angalau miezi 30 ndani ya mbao. Maduka huzipanga zote rafu moja, na aliyezoea ya kahawia akipewa Rimage changa atasema ameuziwa dawa ya kikohozi. Mimi nachagua ya kahawia: tini kavu, kahawa, ganda la chungwa, halafu mwishoni ukakasi kidogo unaokausha ulimi kabla utamu haujakinai. Rimage naiweka kwa ajili ya chokoleti nyeusi ya asilimia 70. Chokoleti ya maziwa haifai kabisa. Mvinyo unaonekana mchachu na chokoleti inakosa ladha.

Mimina mililita 60 au 70 tu, nyuzi 14 hivi. Ikiwa na joto zaidi, pombe inapanda puani na hutasikia harufu nyingine. Ya kahawia ikishafunguliwa hukaa friji wiki kadhaa, kwa kuwa imeshaizoea hewa tangu kwenye pipa. Rimage imalize ndani ya siku chache. Tena angalia ujazo kabla ya kulinganisha bei, kwani chupa nyingi ni za mililita 500, si 750.

Bandol ni ya Provence, upande wa mashariki zaidi. Nyekundu lazima iwe na Mourvèdre angalau asilimia 50 na ikae kwenye mbao miezi 18 kabla ya kuuzwa. Mourvèdre ni zabibu inayochelewa kuiva, ganda nene, na mvinyo wake hujifunga ukinyimwa hewa. Ukifungua chupa changa na kunywa papo hapo utapata ukakasi mtupu na harufu ya ngozi, pengine hata ya yai la kuchemsha. Usiimwage. Simamisha chupa tangu jana yake ili mashapo yatulie chini, mimina taratibu kwenye jagi ukiangalia shingo ya chupa mbele ya taa, simama mashapo yanapofika shingoni, kisha subiri saa mbili. Harufu ya yai huondoka. Harufu ya kadibodi iliyoloa haiondoki hata ukikesha. Hapo kizibo kimeuharibu mvinyo, rudisha dukani.

Kuhusu “joto la chumba” linaloandikwa kwenye maelezo: chumba hicho ni cha Ulaya. Bandol inataka nyuzi 16 hadi 18, na chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mchana kiko karibu 30. Ndoo ya maji na barafu kwa robo saa inatosha. Kwenye friji itachukua zaidi ya saa moja.

Picpoul de Pinet sina mengi ya kuisema. Ni mvinyo mweupe wa bei nafuu kutoka kando ya wangwa wa Thau (ziwa la maji ya chumvi karibu na bahari), zabibu moja tu, Piquepoul nyeupe, chupa ya kijani nyembamba ndefu. Kazi yake ni chaza wa Bouzigues wanaofugwa kwenye wangwa huohuo, na uchachu wake wa ndimu unafaa vilevile kwa ngisi wa kuchoma. Kwa samaki wa kupaka sikuipenda, tui linaifanya kali; Bandol ya rangi ya waridi ilisimama vizuri zaidi. Inywe ndani ya miaka miwili ya mwaka ulio kwenye lebo, nyuzi 8 hadi 10. Duka moja liliniuzia chupa iliyokaa dirishani: rangi imeiva kuwa dhahabu, kizibo kimesukumwa juu kidogo, na ndani harufu ya tofaa lililopondeka. Dalili mbili za mwanzo unaziona kabla hujalipa.

Ukizionja zote jioni moja, anza na Picpoul, kisha Bandol pamoja na nyama, na Banyuls mwisho. Ukitanguliza tamu, Bandol itageuka chungu na Picpoul itabaki maji ya ndimu.