Tahadhari kwa wanaotafuta pete au dhahabu kando ya Ziwa Victoria: jihadharini na mashine ya antena mbili

Ndugu wasomaji, hasa mnaoishi Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori na Kakamega, ninaandika kuwatahadharisha kuhusu mwanamume anayezunguka katika fuo za ziwa akijitangaza kuwa mtaalamu wa kutafuta vitu vya thamani vilivyopotea mchangani. Kwetu alichukua shilingi 15,500 ndani ya siku tisa, na nina sababu ya kuamini kwamba sasa anataka kuwauzia wachimbaji wadogo wa dhahabu mashine ileile aliyotudanganya nayo. Sitaji jina alilotupa kwa kuwa sidhani ni lake. Nitaeleza namna anavyofanya kazi, maana jina na namba ya simu hubadilishwa kwa siku moja, lakini mbinu hii ndiyo riziki yake.

Jumapili moja mwezi wa Desemba tulikwenda na familia kula samaki Dunga, ufuo ulio karibu na mji wa Kisumu. Baada ya chakula mdogo wangu alishuka hadi ukingoni mwa maji kunawa mikono kwa sabuni, na pete ya marehemu mama yetu, ambayo tangu mazishi alikuwa akiivaa yeye, ikamchomoka kidoleni. Hakugundua mpaka tulipofika kwenye gari. Tulirudi mbio, tukachimbua mchanga kwa vidole hadi giza likaingia na wavuvi wakatuonya kwamba viboko hupanda ukingoni usiku. Kesho yake kijana mmoja pale ufuoni alitupa namba ya simu ya “fundi wa mashine”.

Fundi huyo alifika akiwa amevaa kizibao cha manjano na kubeba sanduku jeusi lenye taa ndogo, ambalo liliungwa kwa waya na mpini wenye antena mbili zinazozunguka kwa wepesi kama mshale wa dira. Alitueleza kwamba mashine yake hunusa dhahabu peke yake, kwa umbali wa kilomita 2 na kina cha mita 20, na kwamba haihangaishwi na misumari wala vifuniko vya soda. Alidai amana ya shilingi 4,000 kabla ya kuiwasha. Alitembea hatua chache, antena zikageuka zote mbili kuelekea majini, akatangaza kwamba pete imesukumwa na mawimbi hadi kiasi cha mita 60 kutoka ukingoni. Siku ya tatu alisema maji ya ziwa yana chumvi inayoivuruga mashine, kwa hiyo ilihitajika “chipu ya dhahabu” ya shilingi 6,500. Siku ya sita alidai shilingi 5,000 za mpiga mbizi, ambaye hatukumwona hata mara moja. Siku ya tisa alitaka 9,000 nyingine, na tulipomwomba kwanza atuonyeshe huyo mpiga mbizi, simu yake ikazimwa na haijawashwa tena.

Aibu yetu kubwa ni kwamba dalili zilikuwepo tangu mwanzo. Jina lililotokea kwenye M-Pesa kabla ya kuthibitisha malipo halikuwa lile alilotupa, naye akajibu haraka kwamba laini ni ya mke wake, nasi tukakubali, kwa kuwa mtu aliyepoteza kumbukumbu ya mama yake hukubali mengi.

Aliyetufumbua macho ni binamu yetu anayechimba dhahabu upande wa Kakamega, ambaye anayo mashine halisi ya kutafutia metali, ile ambayo wengi huiita diteka. Alipofika Dunga alianza kwa kutuonyesha inavyofanya kazi, na ninaomba msomaji asiiruke sehemu hii, kwa sababu ndiyo kinga yenyewe. Diteka ya kweli ina sahani chini ya fimbo, na ndani ya sahani hiyo mna koili ya waya inayopitishiwa umeme unaobadilika-badilika na kuzalisha uga wa sumaku. Uga huo unapopita kwenye metali huzua ndani yake mikondo midogo ya umeme, nayo mikondo hiyo hutoa uga wake mdogo ambao mashine huupokea na kulia. Uga huo hudhoofika haraka sana kadiri umbali unavyoongezeka, na ndiyo maana sahani lazima ipitishwe karibu kabisa na ardhi, na kitu kidogo kama pete kwa kawaida husikika kwenye kina cha sentimita 20 hivi, au zaidi kidogo kama udongo ni mzuri na mashine ni bora. Hakuna diteka ya mkononi inayoipata pete iliyo mita 60 mbali.

Vilevile hakuna inayonusa dhahabu peke yake. Binamu alizika pete yake, kifuniko cha soda na kipande cha karatasi ya alumini, na mashine ikalia kwa vyote vitatu. Namba zilizotokea kwenye kioo kwa pete na kwa ile karatasi ya alumini zilikaribiana mno, hata akasema kwamba anayeogopa kuchimbua takataka hataipata pete. Kuhusu chumvi, ni kweli kwamba mchanga uliolowa maji ya bahari, kama kule Mombasa, huzisumbua baadhi ya mashine kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, lakini Ziwa Victoria ni ziwa la maji baridi, na sisi tuliozaliwa kando yake na kuyanywa maji yake tangu utoto tulipaswa kuikataa hoja hiyo papo hapo. Tena dhahabu safi ni nzito mara 19 kuliko maji ya ujazo uleule, na hata iliyochanganywa na shaba huzama mchangani pale ilipoanguka. Viwimbi vya Dunga haviwezi kuibeba mita 60 kama jani la gugu maji.

Antena zile hugeuka kwa sababu mpini umelegezwa, hivyo kuinamisha kiganja kidogo tu kunatosha kuzizungusha, na hata mtu mwaminifu anaweza kuzigeuza bila kujua. Udanganyifu huu si mpya wala si wa hapa kwetu tu. Mwaka 2013 mahakama mjini London ilimfunga James McCormick miaka 10 kwa kuuza kifaa cha aina hiyo kilichoitwa ADE 651, chenye antena inayoning’inia kwenye mpini na kadi zilizodaiwa kutambua baruti, ambacho askari wa Iraq walikitumia kukagua magari kwenye vizuizi. Kifaa hicho kilitokana na kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu kilichouzwa kwa takriban dola 20. Niliposoma habari za zile kadi, niliikumbuka “chipu” yetu ya shilingi 6,500.

Kinachonisukuma kuandika leo, kuliko fedha zetu zilizopotea, ni kwamba wiki iliyopita wachimbaji wanaofanya kazi na binamu walionyeshwa kwenye simu picha za sanduku lilelile jeusi na kuambiwa linauzwa shilingi 85,000. Katika nchi ambayo dhahabu imechimbwa Kakamega tangu miaka ya 1930, na ambako watu bado wanachimba Migori, Siaya na Vihiga kwa nyundo na karai, kikundi kinaweza kuuza ng’ombe wake wote ili kununua mashine ya namna hiyo. Yeyote anayeuziwa na aombe jaribio moja tu: mzike pete ya dhahabu kwenye sehemu mojawapo kati ya kumi zilizofunikwa kwa majani, muuzaji akiwa hayupo, kisha aitafute mara tano mfululizo. Mwenye mashine ya kweli atakubali bila maneno. Mwenye antena atasema betri imepungua, au kwamba kitu kilichozikwa jana hakijatoa “miale” bado.

Na anayepoteza pete ufuoni asiache mahali pale bila kuweka alama kwenye ramani ya simu na kupigilia kijiti. Awaarifu viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo huo, na amtafute mwenye diteka yenye sahani atakayekubali kulipwa nauli kwanza na ujira baada ya kitu kuonekana. Siku za mwanzo ndizo zenye thamani. Sisi tulizipoteza tisa tukimngoja mpiga mbizi, huku mashua zikiburutwa juu ya mchanga uleule na mvua ikinyesha mara mbili. Binamu alitafuta siku mbili nzima kwa mistari ya kamba ya katani, akatoa ndoana, vifuniko, sarafu chache na kijiko kimoja.

Tumeandikisha taarifa polisi na kupewa namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, na yeyote aliyetapeliwa kwa namna hii naomba naye aandikishe ya kwake katika kituo kilicho karibu, kwa sababu malalamiko ya mtu mmoja ni rahisi kuwekwa kando. Pete yenyewe bado haijapatikana. Ni nyembamba, ya dhahabu isiyo na jiwe, na ndani yake umechongwa mwaka 1984. Atakayeiokota Dunga, tafadhali aiache kwa viongozi wa BMU pale ufuoni, nao wanajua jinsi ya kutupata.